Vifaa tisa vya meko na kopo moja la dawa: uchambuzi wa kisa

Usuli

Nyumba ni ya mawe, ilijengwa miaka ya 1920 katika nyanda za juu za Limuru, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hukaa hadi saa tano asubuhi, na kuanzia Juni hadi Agosti moto huwashwa sebuleni kila jioni. Mmiliki wa sasa alikuwa akiiandaa iwe nyumba ya wageni. Majina, mahali hasa na alama zinazoweza kuitambulisha nyumba vimeondolewa.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mizigo ya walowezi ikaanza kupanda nayo: vitanda vya chuma, vyombo vya kaure, na vifaa vya meko ya kuotea moto. Vingi vya vifaa hivyo vilitoka Uingereza, ambako nyumba nyingi zilichoma makaa ya mawe ndani ya kikapu kidogo cha chuma. Limuru huchomwa kuni: mkaratusi, miwati, saiprasi. Moto wa kuni ni mpana, ndimi zake ni ndefu, na kaa la mkaratusi hukaa saa nyingi likilamba kila kilicho karibu. Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kikae kando ya moto mdogo kilijikuta kimeota moto wenyewe. Nusu ya matatizo ya kisa hiki imetokana na hilo.

Vifaa vyenyewe

Vilikuwa tisa:

- vilalio viwili vya kuni, sura ya shaba, kimo sm 52, kila kimoja na mkia wa chuma wa kubebea magogo;
- ukingo wa mbele wa shaba yenye matobo ya nakshi, urefu sm 137;
- bamba la nyuma, la kusimama kati ya moto na ukuta, la chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo), sm 61 kwa 56, unene sm 2, uzito karibu kilo 50;
- ndoo ya makaa ya bamba la shaba, yenye mdomo uliokunjwa;
- kichocheo, koleo na sepetu ndogo;
- wavu wa kuzuia cheche.

Shaba inayosemwa hapa ni ile ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita brasi. Sumaku ya shilingi chache ilitosha kuthibitisha kwamba sehemu za njano hazikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ilinasa kwenye mikia ya vilalio na miguu ya ukingo, mahali ambapo chuma kinatarajiwa, na si kwingine.

Chini ya ukingo kulikuwa na alama ya almasi iliyogongwa, yenye duara juu na namba I ya Kirumi ndani yake. Hiyo ni alama ya usajili wa michoro ya Uingereza iliyotumika 1842 hadi 1883, na I ni daraja la vifaa vya metali. Chini tu ya duara kukiwa na herufi, mchoro ulisajiliwa kati ya 1842 na 1867. Kukiwa na namba, kati ya 1868 na 1883. Hapa palikuwa na namba. Alama hiyo hutaja siku mchoro uliposajiliwa, na kifaa chenyewe kinaweza kuwa kilitengenezwa baadaye. Hata hivyo ukingo ulikuwa mkubwa kuliko nyumba kwa umri, tena kwa miongo kadhaa.

Bamba la nyuma lilikuwa na mwaka 1588, herufi IFC na nanga. Mmiliki alikuwa ameshawaambia watu kwamba lina miaka zaidi ya 400. Mchoro huo ni maarufu sana Uingereza, unahusishwa na kushindwa kwa manowari za Hispania mwaka huo, na ndiyo sababu umenakiliwa mara nyingi mno. Mabamba ya zamani ya Sussex na Kent yalisubiwa kwenye kitanda cha mchanga kilichoachwa wazi: kigezo cha mbao kinakandamizwa mchangani, chuma kinamiminwa, na mgongo unabaki mbaya, wenye mabonde na vinundu. Mgongo wa bamba hili ulikuwa bapa na laini kama sura yake, dalili ya kisanduku cha kusubia kilichofungwa pande zote. Ni nakala. Nakala nzuri, nzito, yenye umri wake, lakini nakala.

Kisheria hakuna kilichozuia lolote. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895, na vifaa vya nyumba hii viliingia baada ya hapo. Ulinzi wote ulikuwa mikononi mwa mwenye nyumba.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Februari, wafanyakazi watatu walitumia wiki nzima kung'arisha shaba yote. Walianza na ndimu na majivu, kisha wakamalizia na dawa ya kopo, ileile iliyokuwa ikitumika nyumbani hapo kwa miaka mingi. Ndani ya siku mbili ukingo ulikuwa na madoa ya rangi ya waridi, na matobo yote yamejaa unga mweupe uliokauka.

Machi, vilalio vilipelekwa kwa wapaka rangi wa samani, vikasuguliwa kwa mashine hadi vikawa kama kioo, kisha vikapuliziwa vanishi isiyo na rangi. Mwezi huohuo fundi wa kuchomelea magari aliitwa azibe ufa kwenye bamba la nyuma. Ufa ulianzia katikati ya upande wa chini wa bamba na kupanda sm 18. Aliuchomelea papo hapo ukutani, kwa vijiti vya kawaida vya chuma laini, bila kulipasha bamba joto kwanza.

Juni moto ukawashwa. Jioni ya tatu vanishi ya sehemu za chini za vilalio iligeuka kahawia, ikavimba malengelenge na kutoa harufu iliyowafukuza watu sebuleni. Wiki hiyo bamba lilitoa mlio mkali usiku, na asubuhi ufa mpya ulionekana milimita chache kando ya mstari wa kuchomelea, ukiufuata kwa urefu wote. Siku nane baadaye mguu mmoja wa kilalio cha kushoto ulidondoka huku moto ukiwaka, gogo likabingirika hadi kwenye ukingo. Wavu ulikuwa umesimama mahali pake, vinginevyo zulia lingeungua.

Hapo kazi ilisimamishwa na mtaalamu wa uhifadhi wa metali akaitwa.

Uchunguzi

Kabla ya kugusa kitu, kila kifaa kilipigwa picha pande sita, kikapimwa kwa mizani na kufungwa kitambulisho cha kitambaa chenye namba. Kisha uliwashwa moto wa kawaida wa saa mbili ili kupima joto la kila mahali. Kipimajoto cha miale hudanganya kwenye shaba inayong'aa: husoma chini sana, kwa sababu uso wenye kung'aa hutoa miale michache na kuakisi ya vitu vingine. Kwa hiyo kwenye ukingo kilibandikwa kipande cha utepe mweusi, na nyuma ya vilalio kikapakwa kiraka kidogo cha masizi, vipimo vikachukuliwa hapo. Ukingo ulifika nyuzi 48 za selsiasi. Vichwa vya vilalio vilifika 95. Miguu yake ilifika 190.

Namba hiyo ya mwisho ilieleza mguu uliodondoka. Ulikuwa umewahi kuunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, ambayo aina yake ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183. Aliyeuunga aliuonea aibu uonekane umevunjika, akasahau unasimama wapi.

Vilalio vilipofunguliwa (kila kimoja ni vipande vitatu vya shaba vyenye uwazi ndani, vimepangwa juu ya nondo ya chuma na kukazwa kwa nati ya mraba chini) nondo ya kushoto ilikuwa imevimba kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ilikuwa imeanza kuipanua nguzo ya shaba na kuipasua kwenye mshono wa zamani wa nusu mbili. Kutoka nje ulionekana mstari mwembamba mweusi tu, na wang'arishaji walikuwa wakiusugua kwa bidii wakidhani ni uchafu.

Ndoo ya makaa ilikuwa na nyufa tatu kama unywele kwenye mdomo uliokunjwa, mrefu zaidi mm 22. Hakuna aliyeiangusha. Bamba la shaba likikunjwa au kupigwa nyundo bila kupashwa tena joto, hubaki na mkazo ndani yake, na amonia huushambulia mkazo huo hadi bamba linapasuka lenyewe. Jeshi la Uingereza lililijua tatizo hili India: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka majira ya mvua, kwa amonia ya mikojo. Dawa nyingi za kopo za kung'arishia shaba zina amonia, na harufu ile inayochoma pua ndiyo hiyo. Ikifutwa na kukaushwa mara moja, uso ulio bapa hauoni taabu. Ikijificha ndani ya mkunjo miaka nenda rudi, ndoo hupasuka.

Bamba la nyuma lilikuwa na makosa mawili ya zamani kabla ya lile la mchomeleaji. Kwanza, lilikuwa limezungushiwa saruji pande zote nne. Bamba la sm 61 likipanda joto kwa nyuzi 400 hurefuka takriban mm 2.5, na likikosa pa kwenda hupasuka. Pili, askari wa usiku alikuwa na desturi ya kumwagia makaa maji kabla ya kwenda lindoni. Alikuwa akifuata maagizo ya usalama, na hakuna aliyemweleza kwamba maji yakirukia chuma cha kusubu chenye moto hukipoza ghafla upande mmoja, na chuma hicho hakina unyumbufu wa kuvumilia.

Maamuzi ya awamu ya pili na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ndio ulioongoza mengine yote: vifaa viliacha kuhesabiwa kama seti moja ya kung'arishwa pamoja. Kila kimoja kilipangiwa matunzo kulingana na joto kinalofikia na kama kitaendelea na kazi.

*Vilalio.* Vanishi iliondolewa kwa asetoni na pamba, dirisha wazi, kazi ya saa nne. Hakuna kitu kingine kilichopakwa badala yake, kwa kuwa hakuna vanishi ya kawaida wala nta inayostahimili nyuzi 190. Nta ingeyeyuka, ingekusanya majivu na kuungua. Mtunza nyumba hakupendezwa. "Mzee, wageni wakikuta shaba imepauka, si watasema sisi ni wachafu?" alimuuliza mwenye nyumba. Walikubaliana vichwa ving'arishwe mara mbili kwa mwaka, nguzo na miguu viachwe viwe kahawia. Nondo iliyokula kutu ilibadilishwa kwa mpya ya mm 10, ikapakwa grafaiti kabla ya kurudishwa, na nati ya zamani ya mraba ikatumika tena. Mguu ulishikizwa kwa bolti kutoka chini, mahali pasipoonekana. Kuunga kwa lehemu ya fedha kungestahimili joto, lakini kungetaka kuipasha shaba yote kufikia nyuzi 600 na zaidi, na bolti inaweza kuondolewa siku yoyote bila kovu.

Magogo sasa hayalali juu ya mikia ya zamani. Fundi wa jua kali (karakana za wazi) wa Kamukunji, Nairobi, alitengeneza vilalio viwili vifupi vya chuma cha mraba cha mm 25, kimo sm 15, urefu sm 45, na hivyo ndivyo vinavyobeba moto. Vya zamani vimesogezwa mbele sm 10, vinaonekana kama vinafanya kazi. Kuni zinakatwa sm 40.

*Kichwa kilichokosekana.* Kilalio cha kulia hakikuwa na kichwa chake cha juu. Kilisubiwa kipya kwa mchanga, kigezo kikiwa kile kilichobaki. Shaba hunywea takriban asilimia 1.5 ikiganda, kwa hiyo kichwa cha mm 60 kingetoka mm 59; fundi alikiongezea kigezo tabaka jembamba la nta kabla ya kukizika mchangani. Jaribio la kwanza lilitoka na vitobo kama mkate: mchanga ulikuwa na unyevu wa mvua, na shaba, iliyotokana na mifereji na kufuli za zamani, ilipashwa kupita kiasi hadi ikatoa moshi mweupe. Moshi huo ni zinki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 907, na ukivutwa huleta homa ya usiku mmoja. Jaribio la pili, kwa mchanga uliokaushwa, lilifaulu. Rangi yake ni ya njano zaidi kuliko mwenzake. Iliachwa hivyo, na mwaka wa kusubiwa ukagongwa upande wa ndani ili asije mtu akadanganyika.

*Ukingo.* Ulioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni isiyo kali na brashi laini, ukasuuzwa kwa maji ya betri (yale safi yasiyo na asidi, chupa zake hufanana, soma maandishi) na kukaushwa papo hapo kwa mashine ya nywele. Unga mweupe ulitolewa matoboni kwa vijiti vya meno vilivyochovywa spiriti. Madoa ya waridi yalikuwa shaba nyekundu iliyobaki usoni baada ya asidi ya ndimu kula zinki. Yaliondoka kwa uji wa kalsiamu kaboneti laini, spiriti na maji ya betri. Chaki ya ubaoni haifai: nyingi ni jasi, tena zina chembe zinazokwaruza. Mwishoni ulipakwa nta nyembamba mara mbili, ambayo kwa nyuzi 48 haina wasiwasi.

Wa pwani watauliza mbona masinia yao husuguliwa kwa ndimu au ukwaju na majivu vizazi na vizazi na hayaharibiki. Sinia ni nene, halina matobo, na husuuzwa kwa maji mengi saa ileile. Ukingo wenye nakshi ya matobo mia kadhaa haujawahi kusuuzwa vizuri na mtu yeyote.

*Bamba la nyuma.* Saruji ilitolewa kwa patasi, kuanzia juu, bamba likiwa limeegemezwa kwa mbao. Ufa mpya ulitobolewa tundu la mm 5 mwishoni kabisa, ili usipate ncha ya kuendelea. Mgongoni zilifungwa kanda mbili za chuma kwa bolti, matundu yakiwa mapana kuliko bolti kwa mm 2. Bamba lilirudishwa likisimama juu ya matofali mawili, sm 2.5 kutoka ukutani, na nafasi ya mm 5 kila upande. Kuchomelea upya kwa vijiti vya nikeli kulifikiriwa. Kungetaka bamba zima lipashwe joto polepole na lipoe kwa saa nyingi ndani ya majivu, na kwa nakala ya kilo 50 gharama haikulipa.

*Vyuma vya moto.* Kichocheo, koleo na sepetu vilisuguliwa kutu kwa pamba ya chuma namba 0000 na mafuta mepesi, vikafutwa kwa spiriti, kisha sehemu za chuma zikapakwa maji ya tanini ya gome la miwati. Tanini hukutana na kutu iliyobaki ikawa tabaka la bluu nyeusi, na miwati imejaa vilimani hapo. Ndoo ilistaafishwa. Nyufa zake hazikuungwa, na mkono wake haushikwi tena kuibebea.

Matokeo

Baada ya majira mawili ya baridi ufa wa bamba haujavuka tundu. Ukingo umebaki na rangi ya asali, ukipakwa nta kila miezi mitatu. Mguu umeshika. Askari hufukia makaa kwa majivu na kuacha wavu umesimama. Ndoo ya mchanga imewekwa pembeni kwa dharura.

Yasiyofanikiwa yapo. Nakshi ya vilalio iliyolainishwa na mashine ya wapaka rangi haitarudi: mistari ya mchongo kwenye nguzo ya kulia huhisiwa kwa ukucha, haionekani tena kwa jicho. Wavu wa zamani wa shaba ulikuwa umechanika, ukawekewa wa chuma wenye matobo ya mm 3, na saiprasi bado hurusha cheche ndogo zinazopenya. Dawa iliyobaki ni kutoichoma saiprasi, jambo ambalo muuza kuni hulisahau kila mwezi.

Uchambuzi

Kosa kubwa la awamu ya kwanza halikuwa la fundi yeyote mmoja. Mpaka rangi alifanya kazi safi kwa kiwango cha samani. Mchomeleaji alitumia vijiti ambavyo humtosha kwenye magari, lakini chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, na kikichomelewa kikiwa baridi huacha kando ya mstari ukanda mgumu unaokatika kama kigae. Kila mmoja alipewa kifaa kikiwa kimetolewa mahali pake, bila kuambiwa kitakaa sm ngapi kutoka kwenye moto. Swali hilo lingejibiwa kwa jioni moja na kipimajoto, na vanishi isingepuliziwa kabisa.

Kupima joto kabla ya kuchagua dawa ndilo jambo lililofaa kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote. La pili ni kuvigawa vifaa kati ya vya kazi na vya macho. Wahifadhi wengine wangepinga vilalio vipya vya jua kali ndani ya meko ya kale; hoja yao ni halali pale nyumba ikiwa makumbusho. Hapa moto huwashwa siku tisini kwa mwaka, na mikia ya zamani ilikuwa tayari imepinda sm 3 kwa uzito na joto la mkaratusi.

Kuligundua bamba kuwa nakala kulishusha thamani yake na kupandisha nafasi yake ya kuendelea kufanya kazi. Lingekuwa kweli la 1588, uamuzi sahihi ungekuwa kulitoa kabisa motoni na kuweka bamba jipya la chuma mahali pake. Kwa hiyo utambuzi hutangulia ukarabati; hapa ulifuata, na kwa bahati tu haukuleta hasara kubwa.

Meko ya chumba cha kulala cha juu yana bamba dogo lililozungushiwa saruji vilevile. Halijapasuka. Litatolewa Januari, wakati wa ukavu, kwa patasi ya mm 12 kuanzia kiungo cha juu, na mpaka hapo moto hauwashwi humo.